Krimu Iliyoshtakiwa kwa Kukataa Kuoza

Nimewahi kuona mwizi wa kuku akishtakiwa. Nimeona mlevi akishtakiwa kwa kulala juu ya pikipiki isiyo yake, tena akiwa ameikumbatia kama mke. Lakini krimu ya kahawa kushtakiwa, na kosa lenyewe liwe kukataa kuoza, hilo nililiona Bwera likizo iliyopita, na mshtakiwa alikuwa kama mtu wa familia yetu.

Nieleze kwanza ukoo. Mama yangu na mdogo wake walizaliwa Butembo, upande wa Kongo. Mama aliolewa na mwanajeshi wa Uganda, ndiyo maana sisi tunaishi Kasese, kwenye joto ambalo hata mjusi akivuka saruji mchana anavuka kwa kurukaruka. Mama mdogo yeye alivuka mpaka akaishia Bwera, anauza kahawa kwenye baraza la duka moja, kando ya barabara ya kwenda mpakani, karibu na steji, yaani kituo cha bodaboda. Kila shule ikifungwa natumwa kwake nimsaidie. Mama anasema ni kumsaidia. Ukweli ni kwamba nyumbani wamenichoka.

Sasa, katika ukoo wetu suala la krimu lilikwisha kuleta vita kabla ya Bwera. Mama anaiamini friji kama wengine wanavyoyaamini maji ya baraka. Chochote anachokithamini anakitia humo: mishumaa, dawa ya viatu, hata picha zake za ubatizo, kwa sababu ya mende. Siku moja alinunua kopo la krimu ya unga, ile ya kukoroga kwenye chai, akalitia kwenye friji bila kulifunika vizuri. Unga ukanyonya unyevu wote wa humo, ukawa jiwe. Baba alilivunja kwa nyundo, na wageni wakanywa chai yenye kokoto.

Wiki hiyohiyo Mama akanunua krimu halisi, ya maji, ile ya kukaa kwenye friji dukani. Boksi lake lilikuwa na picha ya ng'ombe mnene mwenye furaha. Mama aliona ni zuri mno kufichwa, akalisimamisha juu ya kabati sebuleni, karibu na picha ya harusi. Boksi likaanza kuvimba. Lilivimba kimyakimya kama mtu aliyenyimwa cheo, mpaka jioni moja, tukiwa tunaangalia habari, likapasuka. Baba, kwa mafunzo ya kazi yake, alilala kifudifudi chini ya meza akanivuta na mimi. Krimu ilifika mpaka kwenye pangaboi, na pangaboi ikatugawia sote sawasawa.

Kwa hiyo nilipofika Bwera nilijiona mtaalamu.

Mama mdogo alikuwa ametumia akili kuliko dada yake. Wateja wake wengi ni wachuuzi wanaowahi kuvuka mpaka alfajiri, kabla mwenye maziwa hajafika na baiskeli yake. Friji hana, na umeme wa pale barazani huja kama mgeni wa heshima, anakaa kidogo na kuondoka bila kuaga. Basi alikuwa anatumia krimu ya vikombe vidogo, vile vya ukubwa wa kifuniko cha chupa, vyenye karatasi inayong'aa juu. Unabandua, unamimina, kahawa inakuwa ya kizungu. Vilikaa kwenye beseni, juani, siku zote, na havikumdhuru mtu.

Asubuhi ya kwanza nilimkuta ameketi juu ya kigoda, mikono mapajani. Chupa za chai zimejaa, benchi tupu.

"Shikamoo, mama mdogo. Wateja wamekwenda wapi?"

"Mutoto, batu banasema niko natia dawa ya maiti mu kahawa."

"Nani anasema?"

"Si ule wa kubadilisha franga."

Akaninyooshea kidevu kuelekea ng'ambo, ambako mbadilishaji wa pesa alikuwa chini ya mwavuli wake, akijifanya hatuoni. Jamaa huyu alikuwa mteja wetu mkubwa. Kumbe mvua zilizopita alikuwa ametia kikombe kimoja cha krimu kwenye mfuko wa koti la mvua, akakisahau. Mvua zikaisha, jua likapiga, koti likaning'inia kwenye msumari. Mvua ziliporudi, akavaa koti, akatia mkono mfukoni, akakuta kikombe. Akakifungua akitegemea uozo. Ikawa tamu. Akainywa yote, akalamba karatasi, na ndipo hofu ikamshika.

Nilikwenda kumuuliza mwenyewe.

"Sikia, mtoto," akaniambia, akiinamisha mwavuli tusisikike, ingawa alikuwa amekwisha kuieleza Bwera nzima. "Nyama inaoza. Samaki ya kule ziwani Katunguru inaanza kuoza kabla gari haijawasha. Hata mimi nikikufa leo, kesho nitanuka. Hii kitu imekaa kwa koti yangu mpaka mvua ingine. Nini inazuia isioze? Unajua ile dawa wanadunga maiti ndiyo apite boda ya Kongo asinuke? Hiyo."

"Lakini ulikunywa na hujafa."

"Ndiyo hiyo inaniogopesha. Pengine nilikufa na dawa ndiyo inanishikilia."

Ningecheka zaidi kama si benchi letu. Mwenye duka alikuwa amemwambia mama mdogo waziwazi: steji ikisema kahawa yako ni mbaya, unaondoka barazani, maana watu wa bodaboda ndio wanaoniletea wateja. Na akiondoka pale hana pengine. Sokoni muuzaji mgeni anapewa nafasi nyuma ya mbuzi, na mbuzi hawanywi kahawa.

Pale Bwera, steji ya boda ina mahakama yake. Mwenyekiti wa steji ndiye hakimu. Ni mtu mkubwa, mpole, ana mafua mwaka mzima kwa sababu ya vumbi, na havui helmeti hata akila. Mshtakiwa huketishwa juu ya tairi kuukuu katikati ya waendeshaji, na hakuna kuinuka mpaka neno liishe. Mchana ule mama mdogo aliitwa. Akafika, akalitazama tairi, akalitazama vazi lake la kitenge.

"Miye sikai pale. Mwenye kosa si kreme? Kreme ikae."

Wakashauriana. Hoja ilikuwa na uzito. Kikombe kimoja cha krimu kikawekwa juu ya tairi.

Nilijitokeza kuwa wakili. Nilikuwa nimejifunga leso ya mama mdogo shingoni, ikining'inia mbele kama ile ya mahakamani.

"Mheshimiwa mwenyekiti..."

"Toa hiyo kitu kwa shingo."

Nikaitoa. "Mheshimiwa, maziwa hayaozi yenyewe, yanaozeshwa. Kuna vijidudu vidogo havionekani, vinakula maziwa, vinajisaidia humohumo, ndiyo ule uchachu. Krimu ya kukaa kwenye friji imepashwa moto kiasi tu. Vijidudu vingine vinabaki hai. Baridi ya friji haiviui, inavilaza. Ukiitoa nje vinaamka na njaa. Mimi nimeona na macho yangu, ikapasuka mpaka kwenye pangaboi."

"Na ile ya unga?" akauliza mmoja. "Mke wangu anaweka kwa kabati tu."

"Ile haina maji. Kijidudu bila maji ni kama boda bila petroli."

Hapo wakatikisa vichwa kwa huzuni, wote wamewahi kusukuma. Nikaona nashinda, nikaongeza spidi.

"Sasa hii ya kikombe imechomwa moto mkali kupita kuchemka, kwa muda mfupi kama chafya. Vijidudu vyote vikafa. Halafu ikafungiwa kwenye kikombe safi kabla kingine hakijaingia. Humo ndani hamna wa kuiozesha. Wote maiti."

Wakatazamana. Kisha mbadilishaji wa pesa akasema taratibu, "Mumesikia. Amesema mwenyewe. Iko maiti ndani."

Steji nzima ikaguna. Mama mdogo aliniangalia kwa jicho ambalo mama yangu analo pia, baba yao aliwagawia sawasawa.

"Mutoto ya dada yangu," akasema, "ukimaliza kunisaidia, uniambie nifunge mizigo."

Nikajaribu kujinasua. "Nilitaka kusema ni maziwa kama maziwa mengine. Ukibandua karatasi, vijidudu vipya vinaingia kutoka hewani, na itaoza kama kawaida. Ingekuwa na dawa, isingeoza hata ikifunguliwa."

Mwenyekiti akapenga kamasi, akafikiri. "Basi ifunguliwe. Ioze hapa, tuone."

Hukumu ikawa hivi: krimu ifunguliwe, imiminwe kwenye kisosi, ikae juu ya tairi. Kando yake kikombe cha maziwa ya mwenye baiskeli, kama shahidi. Kesho, kabla jua halijashuka nyuma ya maghala, krimu ikiwa imeoza, ni maziwa, na mama mdogo abaki na baraza lake. Isipooza, aondoke na mabeseni yake.

Kwa kuwa hakuna aliyemwamini mwenzake, walimwita afande mmoja aliyekuwa likizo, jirani yetu, alinde. Hakuna kitu afande alichokikosa likizoni kama kulinda. Alifika akiwa na kandambili na fulana ya timu ya mpira, lakini alisimama kama yuko langoni kwa jenerali.

"Hakuna kugusa," akatangaza. "Hakuna kukaribia. Hakuna kupumulia."

"Afande, kupumua je?" niliuliza.

"Pumua ukiangalia kule."

Kufikia jioni shahidi alikuwa amekwisha kuoza. Maziwa ya baiskeli yaligawanyika, maji huku, mabonge kule, yakatoa harufu ya ndama mgonjwa. Krimu ikabaki kwenye kisosi chake, nyororo, inameremeta kama bibi harusi. Mbadilishaji alipita mara nyingi kuliko biashara yake ilivyohitaji.

"Inaendelea vizuri?" akauliza.

"Inaendelea vibaya," alisema mama mdogo. "Haiozi."

Usiku ule krimu ililala rumande. Waliifungia kwenye tundu la kuku la mchuuzi mmoja, kwa kufuli la pikipiki ya mwenyekiti. Kuku walihamishwa.

Asubuhi ikatolewa, na bado ilikuwa inanukia vizuri. Sikuwahi kufikiri nitamwona mtu amekata tamaa kwa sababu kitu chake ni kizima. Mama mdogo alikaa kwenye kigoda na rozari, midomo ikienda, na kwa kuwa nina tabia mbaya nilisogea kusikiliza.

"Mama Maria, na wewe uko mama, maziwa unaijua. Fanya ioze. Hata kidogo tu. Hata kwa pembeni."

Nilionelea mbingu zisaidiwe. Afande alipogeuka kumkemea kuku aliyekuwa anarudi kwenye tundu lake, nilichovya kidole kwenye maziwa yaliyooza, nikajongea kuelekea kisosi cha krimu kama mtu anayetafuta sindano.

"Mikono juu."

Nikainua. Maziwa yakateremka kutoka kidoleni mpaka kwenye kiwiko.

"Nini hiyo?"

"Jasho, afande."

"Jasho ya nani iko nyeupe?"

Alinirusha kichurachura kulizunguka tairi, watu wa steji wakihesabu na wengine wakinionyesha jinsi ya kukunja magoti. Mama mdogo alicheka, mara ya kwanza tangu nifike. Kisha akaacha kucheka, akaja akanipangusa mkono kwa upindo wa kitenge.

"Iache," akaniambia. "Kama iko maziwa, itaoza yenyewe. Kama haiozi, na miye nitataka kujua banakunywa nini hapa kwangu. Ule mama mwenye mimba anakunywaka kila asubuhi. Siwezi kudanganya ile."

Hapo nilikwenda kunawa bila kubisha, jambo ambalo shuleni wangelitangaza kwenye paredi.

Mchana jua lilikaa juu ya bati la steji kama limekodi. Mwenyekiti alifunga kazi kabisa, na waendeshaji wengine wakapakia abiria kwa shingo upande, wakienda na kurudi kwa kasi wasipitwe. Halafu nzi wa kwanza akatua kwenye ukingo wa kisosi.

"Musisogee," mwenyekiti alinong'ona. "Nzi hajui uongo."

Nzi akatembea ukingoni. Akasugua mikono yake kama anayetaka kunawa kabla ya kula. Akaangalia krimu. Akaruka, akaenda kutua kwenye goti la afande.

Mtu mmoja akasema, "Amekataa," na mama mdogo akafunika uso. Lakini nzi akarudi, na wa pili akaja, na wa tatu, kisha ukoo mzima, na wakaanza kula kwa namna ya watu waliokuja msibani kwa ajili ya wali. Krimu ilikuwa imeanza kupata ngozi ya njano pembeni. Katikati ilikuwa inajikunja.

Ikabaki kunusa. Mwenyekiti aliinama na helmeti yake, akavuta hewa, akainuka.

"Mimi sisikii kitu. Mafua. Afande?"

"Mimi nimelala kwa mahandaki na wanaume arobaini," alisema afande. "Pua yangu ilistaafu."

"Basi mlalamikaji anuse."

Mbadilishaji wa pesa alisogea kama anaitwa na polisi. Akapiga magoti, akawapunga nzi, akashusha pua. Alikaa hapo kidogo. Aliporudi nyuma, macho yalikuwa yanatoa maji.

"Inanuka," akasema, kwa sauti ya mtu aliyefiwa.

"Inanuka aje?"

"Kama soksi ya askari."

Afande akamgeukia. "Askari gani?"

"Wa nchi ingine, afande."

Mwenyekiti akachukua kijiti, akakitumbukiza, akakiinua. Bonge likaning'inia, likafikiri, likadondoka. Watu walirudi nyuma hatua moja, na harufu ikawafuata. Mama mdogo alisimama mbele ya tairi, amekunja mikono kifuani.

"Imeoza," akasema polepole, jinsi wengine wanavyosema amezaliwa. "Kreme yangu imeoza kabisa."

"Mahakama inaona," alitangaza mwenyekiti, "hii kitu ni maziwa. Ilikuwa imefungwa tu. Mama akae kwa baraza yake. Na wewe wa pesa, ukiweka tena chakula ya watu kwa koti, usilete hapa."

Jioni hiyo benchi lilijaa mpaka wengine wakanywa wamesimama. Sheria mpya ilizaliwa yenyewe: kila mteja alitaka kubandua karatasi kwa mkono wake, anuse, amnusishe jirani, ndipo amimine. Mbadilishaji alikuja wa mwisho, akajikunja pembeni. Mama mdogo alimpa kahawa, lakini aliushika mkono wake kabla hajafungua kikombe cha krimu.

"Kwanza uombe ye musamaha."

"Nani?"

"Kreme."

Akaiomba msamaha. Kwa sauti ndogo, lakini tulisikia.

Mngedhani mambo yaliishia hapo, lakini hamumjui mama mdogo. Kisosi cha ushahidi alikataa kitupwe. Alikiweka mezani kati ya chupa za chai, na kila ambaye hakuhudhuria kesi, mchuuzi kutoka Beni au dereva wa lori, alionyeshwa. "Angalia. Imeoza. Nusa, usiogope." Walinusa. Wengine walinusa wakasahau walichokuja kununua. Nilimwambia inatosha, akasema mimi ni mtoto, siijui midomo ya Bwera, leo wamekubali kesho wamesahau. Siku zikapita, krimu ikaanza kuota manyoya. Benchi likaanza kupungua tena, mtu mmojammoja, kwa adabu.

Mwishowe mwenyekiti akaja mwenyewe. Alisimama mbali, mwenye mafua yule, na kioo cha helmeti amekishusha.

"Mama, steji imekaa tena."

"Imekaa juu ya nini?"

"Harufu."

Mama mdogo akaweka mikono kiunoni. "Siku ile mulisema isiponuka nitatoka hapa. Sasa inanuka. Munataka inuke na heshima?"

Mwenyekiti akafikiri ndani ya helmeti yake kwa muda. Kisha akasema hataki kesi na mtu, anaomba tu kahawa moja, krimu ije haijafunguliwa, na mimi nimpelekee ng'ambo ya barabara.